Parokia Yetu Ina Miaka Mingapi? Kisa cha Jubilei Moja Pembezoni mwa Mji wa Iringa

Mgogoro ulianzia kwenye kitenge. Kamati ya jubilei ilikuwa imeshakubaliana rangi, imekubaliana picha ya kanisa ikae katikati, na hata bei ya pisi moja ilipita bila kelele. Kisha mchoraji akauliza: mwaka wa kuanzishwa parokia niandike upi? Ukumbini tulikuwa watu kumi na wanne. Majibu yakatoka matatu, na kati ya jibu la kwanza na la tatu ilikuwepo zaidi ya miaka thelathini.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ndogo ya historia, kazi niliyopewa na Halmashauri ya Walei baada ya kustaafu ualimu. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu parokia nyingi za mijini huku Nyanda za Juu Kusini zinakaribia jubilei zao, na nimeshasikia nyingine zikinuniana kwa jambo hili hili. Ya kwetu siitaji jina, na miaka yake siiandiki, kwa kuwa waliogombana wangali wanakaa benchi moja kila Jumapili.

Wazee walisema parokia ilianza siku ya Misa ya kwanza chini ya mkuyu. Baba Paroko, na watu wachache pamoja naye, walisema ilianza siku askofu alipotia saini hati ya kuiunda. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na sauti kubwa zaidi: watu waliohamia mtaani kwetu baadaye, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, ambao walibeba sehemu kubwa ya fedha za kanisa jipya. Kwao parokia ilianza na kanisa hili tunaloliona. Mmoja wao akasema, "Kabla ya hapo palikuwa na banda tu."

Neno banda liliwachoma wazee. Bibi mmoja, mjane wa katekista wa kwanza, hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, hilo banda ndimo alimobatiziwa mkeo." Kikao kikafungwa kwa sala, na kamati yangu ikapewa wiki sita kuleta jibu.

Ili mtu aelewe kwa nini swali hili ni gumu Iringa kuliko linavyoonekana, akumbuke kwamba huku Kanisa halikuanzia mjini. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifika Uhehe mwishoni mwa karne ya 19, miaka michache baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuanguka mwaka 1894, wakaweka misioni Tosamaganga, nje ya mji. Mji wenyewe Wajerumani waliuanzisha kama kituo cha askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Kenya, watu wa shirika lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Iringa ikawa Prefektura ya Kitume mwaka 1922, Vikariati mwaka 1948, ngazi mbili za kabla ya jimbo, na tarehe 25 Machi 1953 ikawa Jimbo, Askofu Attilio Beltramino akiwa mchungaji wake. Kwa miaka mingi moyo wa yote hayo ulikuwa Tosamaganga. Mji ulipopanuka ndipo Kanisa likaufuata, mtaa kwa mtaa, na mara nyingi mguu wa kwanza haukuwa wa padre bali wa katekista.

Ndivyo parokia nyingi zinavyozaliwa hapa. Familia chache zinaanza kusali pamoja. Parokia mama inawatambua kama kigango na kuwapa katekista. Padre anakuja mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi miwili. Kigango kikikua kinaitwa parokia teule, kinapata padre wa kukaa, kisha siku moja hati inatoka. Kuanzia mkuyu hadi hati hakuna asubuhi hata moja ambayo watu waliamka wakajiona wamekuwa kitu kingine. Watu ni wale wale na nyimbo ni zile zile. Kwa hiyo kila mmoja anahesabu kuanzia pale alipoingia yeye.

Tulianza na bamba la marumaru lililoko mlangoni, kwa sababu kundi la tatu lilikuwa linaligonga kwa kidole kila tulipokutana. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka yote bila kulisoma. Siku hiyo nilisoma neno kwa neno. Halisemi kwamba kanisa lilitabarukiwa, yaani lilitengwa rasmi kwa ibada, tarehe hiyo. Linasema jiwe la msingi limebarikiwa. Kati ya jiwe lile na siku ya kutabaruku zilipita masika saba, mbili kati yake ukuta ukiwa umesimama bila kichwa, mkanda wa zege umeota ukungu na nondo zimeshika kutu. Basi tarehe iliyokuwa inatetewa kwa nguvu hivyo haikuwa hata siku ya kanisa lenyewe.

Siku ya kutabaruku je? Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1208, zinaagiza kwamba kanisa likitabarukiwa au kubarikiwa iandikwe hati, nakala moja ikae ofisi ya jimbo na nyingine ikae kanisani. Nakala ya kwetu haikuwamo kabatini. Tulipekua kabati la sakristia, tukapekua ofisi ya parokia na stoo ya viti vya plastiki, hakuna. Jimboni ilipatikana asubuhi moja. Nawasihi wenzangu mnaoandika historia za parokia: msikate tamaa kabatini kwenu, nendeni jimboni.

Hati hiyo ilinifungua macho kwa jambo jingine. Katika kuta za kanisa letu ipo misalaba minne midogo, kila mmoja na kishikio cha mshumaa chini yake. Watoto wa Utoto Mtakatifu huiita "vituo vilivyobaki", wakidhani Njia ya Msalaba iliishiwa nafasi. Kumbe ni alama za mahali askofu alipopaka krisma, yale mafuta matakatifu. Katika kutabaruku kanisa askofu hupaka krisma altare, kisha kuta katika sehemu kumi na mbili au nne, halafu ubani huchomwa juu ya altare na taa zote huwashwa. Tulikuwa tumeishi na alama za siku ile ukutani, kimo cha kuzigusa kwa mkono, na tumesahau maana yake ndani ya kizazi kimoja.

Hati ya pili ilikuwa ile ya kuunda parokia, nusu ukurasa uliopigwa kwa taipureta. Kanuni ya 515 inasema ni askofu wa jimbo peke yake mwenye uwezo wa kuunda parokia, kuifuta au kuibadilisha, naye asifanye hivyo kabla ya kulisikiliza baraza la mapadre. Parokia iliyoundwa kihalali ina hadhi yake mbele ya sheria papo hapo. Hati yetu ilitaja yote hayo. Mjumbe mmoja aliitilia shaka kwa kuwa haikutaja Jimbo Kuu la Mbeya mahali popote. Shaka hiyo ilikuwa rahisi kuiondoa: Iringa ilikuwa chini ya Dar es Salaam, kisha chini ya Songea tangu Songea ilipokuwa Jimbo Kuu mwaka 1987, na ni tarehe 21 Desemba 2018 tu ndipo Mbeya ilipofanywa Jimbo Kuu na Iringa na Sumbawanga zikawekwa chini yake. Hati ya zamani isingeweza kutaja kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa upande wa sheria, basi, jibu lilikuwa mezani ndani ya wiki mbili. Jubilei ya parokia huhesabiwa kuanzia parokia ilipoundwa, na parokia huundwa na askofu. Tungeweza kuishia hapo, kitenge kichapishwe. Lakini wazee walikuwa wamesema kitu kingine, na mimi sikuona haki ya kuwaambia kwamba kumbukumbu yao haina mahali kwa sababu haina mhuri. Niliomba wiki nne zilizobaki zitumike kuitafuta Misa ya chini ya mkuyu.

Bibi alikuwa na uhakika wa mambo mawili tu. La kwanza: siku ile alibatizwa mtoto mmoja, na msimamizi alikuwa kaka yake Bibi. La pili: kaka huyo alikwenda Vita vya Kagera na hakurudi. Mwaka hakuukumbuka, siku hakuikumbuka, jina la padre alilitaja nusu. Katika kamati mtu alinong'ona kwamba hiyo ni hadithi ya kizee, si historia.

Nikaenda parokia mama kuomba kuona daftari la ubatizo. Mtu asiyewahi kulishika daftari hili hajui utajiri wake. Si orodha ya majina tu. Kanuni ya 877 inataka paroko aandike jina la mbatizwa, aliyebatiza, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Daftari za zamani zilifuata utaratibu unaofanana na huo. Na kwa kuwa kigango hakina daftari lake, kila mtoto wa kigango huandikwa parokia mama, na jina la kigango likawekwa pale pa kutaja mahali. Hapo ndipo historia ya parokia changa ilipojificha: imo ndani ya daftari la parokia nyingine.

Paroko wa pale alinipa meza karibu na dirisha. Nilianza na mwisho wa mwaka 1978, vita vilipoanza, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili, baada ya saa nne asubuhi, jina la kigango chetu likatokea kwenye mstari mmoja peke yake, mwandiko umeinama kulia, wino wa bluu. Juu yake na chini yake watoto wote ni wa mahali pengine. Safu ya msimamizi: jina la kaka yake Bibi, herufi zote. Safu ya padre: jina lile ambalo Bibi alilitaja nusu, hapa likiwa kamili. Tarehe ipo. Mstari wa mapema kuliko huo wenye jina la kigango haupo katika daftari lile.

Nilikaa pale muda mrefu. Mtu aliyekufa vitani akiwa kijana, asiye na kaburi Iringa, alikuwa ameacha ushahidi wa siku ya kwanza ya kanisa letu kwa kukubali tu kumsimamia mtoto wa jirani.

Pembeni ya mistari kulikuwa na maandishi mengine, madogo. Mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa popote alipo, taarifa hurudi parokia alikobatiziwa na kuandikwa pembeni ya jina lake. Kwa hiyo pembezoni mwa daftari niliona watoto wa mtaa wetu wanavyotawanyika: ndoa Mufindi kwenye chai, ndoa Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, ndoa Kilombero kwenye miwa, ndoa Dar es Salaam. Aliyesema palikuwa na banda tu ningependa apewe saa moja na kurasa zile.

Banda lenyewe, yaani kikanisa cha kwanza cha tofali za kuchoma, tulilipatia umri kwa njia ya ajabu kidogo. Hakuna hati, kwa sababu kilibarikiwa siku ya Misa ya kawaida. Lakini wanawake watatu wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, tuliowahoji siku tofauti, walisema jambo moja: waliporudi kutoka Songea walikokwenda kumwona Papa walishuka kwenye lori usiku, wakalala humo ndani kwa baridi, mabati yako juu, milango bado. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Songea Septemba 1990, katika ziara yake ya Tanzania. Basi kabla ya mwezi ule paa lilikuwepo. Ushahidi wa namna hii kamati iliudharau mwanzoni. Mimi naona una nguvu kuliko bamba la marumaru, kwa kuwa hakuna aliyeutunga kwa ajili ya sherehe.

Sasa nije kwenye kanisa jipya, maana nisingependa ionekane nalibeza. Ni kanisa la wakati wake. Makanisa mengi ya misioni ya zamani yalikuwa marefu na membamba, altare mbali kule mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka makanisa yanayojengwa yafae kwa ibada na kwa ushiriki hai wa waamini. Ndiyo maana letu limepanuka kama feni, sakafu inateremka kuelekea altare, na kenchi za chuma zinabeba paa zima bila nguzo hata moja katikati. Anayekaa mwisho kabisa, karibu na kina mama wenye watoto wachanga, anaona mikono ya padre. Kazi ya mkandarasi na mhandisi ilikuwa nzuri, na fedha za kundi la tatu ndizo zilizonunua kenchi zile. Hilo tuliliandika kwenye taarifa bila kupunguza neno.

Ila walikuwa wamependekeza pia ubao wa majina ya wafadhili ukutani, na majina yote yalitoka kwenye vitabu vya stakabadhi. Stakabadhi hukatwa kwa fedha. Mzee mmoja wa jumuiya, yaani kikundi cha familia jirani zinazosali pamoja, akaniita pembeni baada ya Misa, akanikabidhi daftari la kaunta lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa katibu wa jumuiya yake miaka ya ujenzi. Humo ameandika kwa penseli, familia kwa familia: tofali kadhaa, debe za mchanga kadhaa, kokoto ndoo kadhaa, siku za msaragambo kadhaa, mahindi debe moja, kuku mmoja wa mafundi. Wapo wajane ambao hawakuwahi kukatiwa stakabadhi hata moja na wana kurasa mbili za kokoto.

Jumuiya ndogondogo ndizo zilizolijenga kanisa hili kuanzia chini. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliziweka kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na katika miji yetu zimekuwa ndiyo njia ya kufanya kila kitu, kuanzia kuzika hadi kujenga. Msingi wote ulimwagwa kwa kokoto za jumuiya kabla mkandarasi hajaletwa. Katika hesabu za ujenzi zilizosomwa kanisani, kokoto zile zimeandikwa kwa maneno mawili: "nguvu za waamini". Zamu yangu ya kuongea ilipofika niliomba ubao usitundikwe mpaka daftari za jumuiya zote zikusanywe. Tumepata saba hadi sasa. Nyingine zililiwa na mchwa.

Uamuzi ulipofikiwa ulikuwa hivi. Kitenge kikachapishwa mwaka wa hati ya askofu, kwa kuwa jubilei ni ya parokia na parokia ni tendo la askofu. Kutabaruku kukarudishiwa siku yake: kalenda ya liturujia inatambua kumbukumbu ya kila mwaka ya kutabaruku kanisa kama sherehe ndani ya kanisa husika, daraja moja na sherehe ya mtakatifu msimamizi wa kanisa, na sisi tulikuwa hatujaiadhimisha hata mara moja. Sasa kila mwaka mishumaa minne inawashwa chini ya misalaba ile. Misa ya mkuyu haina siku katika kalenda yoyote. Kamati iliamua maandamano ya jubilei yaanzie pale ulipokuwa, ingawa mkuyu wenyewe ulikatwa barabara ilipopanuliwa, na pameota kibanda cha kuuzia vocha.

Kundi la tatu halikufurahi lote. Wawili walijitoa kwenye kamati, mmoja akarudi. Yule aliyesema banda alikuja nyumbani kwangu jioni moja, akaomba kuona nakala ya mstari wa daftari. Nikamwonyesha. Alisoma kimya, akaniuliza kama mtoto aliyebatizwa siku ile yupo hai. Nikamwambia yupo, anauza mbao Makambako. Akasema nauli ya kumleta siku ya jubilei ataitoa yeye.

Lipo moja ambalo sijalitatua, nami naliweka wazi kwa yeyote mwenye msaada. Kikanisa cha kwanza kilibomolewa Jumamosi moja kupisha maegesho, bila mtu kukipiga picha wala kupima urefu wake. Uamuzi ulifanywa na kamati ya wakati huo, nami nilikuwa mjumbe, na sikunyanyua mkono kupinga. Tofali zake zimo kwenye ukuta wa choo na ukumbi. Hadi sasa tumepata picha moja tu inayokionyesha, ya harusi, na maharusi wamesimama mbele ya mlango hivi kwamba unaonekana upande mmoja wa ukuta, dirisha moja, na kipande cha bati. Kama kuna familia iliyofunga ndoa pale, au kupeleka mtoto Komunyo ya Kwanza, tafadhali angalieni nyuma ya watu kwenye picha zenu.